KUNUNUA GARI DOGO: HESABU KWANZA, MANENO BAADAYE

(Mazungumzo yaliyotolewa mbele ya mkutano wa wanafunzi wa zamani uliofanyika Tunduma. Yanachapishwa hapa kwa ombi la wajumbe.)



  Barua ya Kamati ilinitaka nizungumze juu ya jambo lenye manufaa kwa wote. Nilidhani ingefaa nizungumze juu ya utumishi wa umma, kwa kuwa ndiyo kazi yangu. Lakini nikakumbuka kwamba kila tunapokutana, tukishaulizana habari za watoto na za wazazi, swali linalofuata huwa ni lile lile: "Ndugu, nataka kununua kigari, ninunue kipi, na nitapataje bei ya haki?" Basi leo nimeamua kulijibu swali hilo mbele ya wote, ili nisilijibu tena pembeni.

Huenda mtu akasema: sisi wa Tunduma tufundishwe magari? Magari yanayoshushwa Dar es Salaam kwenda Zambia na Kongo yanapita mbele ya milango yetu usiku na mchana. Hata zamani, kabla Mkoa wa Songwe haujazaliwa mwaka 2016, tulipokuwa bado chini ya Mbeya, sisi wanafunzi tulikuwa tukikaa kando ya barabara kuu na kushindana kutaja majina ya magari. Ni kweli. Lakini kuliona gari likipita ni jambo moja, na kulinunua kwa fedha zako ni jambo jingine.

Nianze na kosa langu mwenyewe. Mwaka 2013 nilikopa benki ili ninunue gari. Mkopo ulikuwa wa kukatwa katika mshahara kwa muda wa miezi 48. Nilipelekwa kwa muuzaji mmoja na mtu niliyemfahamu tangu ujana. Sitataja jina lake, wala la muuzaji, wala la mji. Gari lilikuwa dogo, jeupe, linang'aa. Nikaambiwa bei, nikatoa fedha. Sikuuliza mara mbili. Sikupeleka fundi. Niliona haya kumwonyesha mtu ninayemfahamu kwamba simwamini.

Mwezi wa 17 nilikuwa nampeleka mama yangu hospitalini Mbeya. Tulipofika mlima Senjele gari likachemka, likatoa moshi, likazima. Mama alikaa juu ya jiwe kando ya barabara kwa muda wa saa mbili, kadi yake ya hospitali mkononi, malori yakitupita. Hakulalamika. Aliniuliza swali moja tu: "Mwanangu, hili gari ulilipima wewe, au ulipimiwa?"

Namshukuru Mungu tulipata basi, akatibiwa, na mpaka leo yu hai. Gari halikupona. Fundi alipolifungua aliniambia lilikuwa limewahi kugongwa mbele, likanyooshwa, likapakwa puti na rangi. Na kwamba injini ilikwisha kuchemka kabla hata sijalinunua. Nikaliuza kama chuma chakavu. Kwa miezi 31 iliyobaki nililipa deni la gari nisilokuwa nalo.

Ndugu zangu, nimejiuliza mara nyingi kwa nini mtu aliyesoma mpaka chuo kikuu, anayepatana bei ya fungu la nyanya sokoni mpaka muuza nyanya akacheka, alishindwa kupatana bei ya kitu kilichogharimu mishahara yake ya miaka minne. Jibu moja ni kwamba hatukurithi ujuzi huo. Katika miaka ya 1970 uingizaji wa magari nchini ulikuwa mikononi mwa shirika la umma; mtu alihitaji kibali, kisha akangoja zamu yake. Bei haikuwa na mazungumzo. Ni mpaka mwaka 1984, Serikali iliporuhusu watu kuagiza bidhaa kwa fedha zao za kigeni, ndipo mlango ulianza kufunguka. Leo mlango uko wazi kabisa, na magari yaliyotumika Japani yamejaa kila yadi. Lakini wengi wetu bado tunaingia yadini na moyo ule wa kungoja kupewa, tukilipata gari tunashukuru.

Jibu la pili ni kwamba tunadhani kupatana bei ni ufundi wa maneno, na mtu asiye na maneno mengi hujiona ameshindwa mapema. Hapo ndipo penye neno langu la leo. Bei nzuri haipatikani kwa maneno. Hupatikana kwa hesabu uliyofanya nyumbani, kabla hujafungua mdomo mbele ya muuzaji.

Basi tuifanye hesabu hiyo.

La kwanza ni kulinganisha. Magari madogo yanayoulizwa sana kwetu ni matatu: Toyota Passo, Toyota Vitz na Toyota IST. Passo na Vitz hupatikana zikiwa na injini ya kiasi cha sentimita za ujazo 1,000, yaani "cc" kama tunavyosema, na pia ya 1,300. IST ya kwanza, iliyotengenezwa kuanzia mwaka 2002 mpaka 2007, ina injini ya 1,300 au ya 1,500. Injini ya 1,000 katika Passo ina silinda tatu. Hutumia mafuta kidogo na yatosha kabisa kwa mtu wa mjini anayekwenda kazini peke yake. Lakini ipakie watu watano na magunia mawili ya mahindi, uipandishe Senjele, utaona inavyolia. IST ina nguvu zaidi, nayo hudai mafuta zaidi.

Msiyadharau mafuta. Chukueni mfano wa mtu anayetembea kilomita 1,000 kwa mwezi. Gari linalokwenda kilomita 15 kwa lita litamgharimu lita 67 hivi. Linalokwenda kilomita 12 kwa lita litamgharimu lita 83. Tukiiweka bei ya mafuta kuwa shilingi 3,000 kwa lita kwa ajili ya mfano, tofauti ni shilingi 50,000 kwa mwezi. Kwa miaka mitatu ni shilingi 1,800,000. Mtu hugombana yadini nusu siku kwa ajili ya laki tatu, kumbe milioni moja na laki nane zimempita bila kuziona.

Kuna na vipuri. Injini ya 1,500 iliyomo katika IST imetumika pia katika Vitz, Raum, Spacio na Probox. Ndiyo sababu fundi wa Mlowo au wa Vwawa anaijua, na kipuri chake hakingojwi kutoka mbali. Honda Fit, Mazda Demio na Nissan March ni magari mazuri pia, na mara nyingi bei yake huwa ya chini. Lakini kabla hujashangilia bei hiyo, muulize fundi wako kama anayajua. Baadhi ya Fit na Vitz zina giaboksi ya CVT, ambayo haina ngazi za gia kama ile ya kawaida, nayo hutaka oili yake maalumu. Ukiitia oili yoyote uliyoikuta dukani, umeiua. Kwa hiyo nasema: ukinunua gari, unanunua pamoja na fundi wake na duka lake la vipuri.

Na tazama njia yako. Anayeishi kando ya lami kati ya Tunduma na Vwawa, au anayekwenda Isongole kwa njia ya Mpemba, gari dogo linamfaa. Anayekwenda Kamsamba wakati wa masika asidanganyike. Kwa mtu huyo gari dogo ni mzigo wa kusukuma.

La pili ni kodi. Mkijua kodi, mtaijua bei halisi ya muuzaji, naye hatawababaisha. Gari lililotumika likiingia nchini hutozwa ushuru wa forodha wa asilimia 25 ya thamani yake likiwa limefika bandarini. Juu yake kuna ushuru wa bidhaa kwa ukubwa wa injini: isiyozidi 1,000 haitozwi, ya zaidi ya 1,000 mpaka 2,000 ni asilimia 5, inayozidi hapo ni asilimia 10. Halafu kuna ushuru wa uchakavu kwa magari ya kutembelea: lenye umri wa miaka 8 mpaka 10 ni asilimia 15, na lililozidi miaka 10 ni asilimia 30. Mwisho huja VAT ya asilimia 18 juu ya jumla yote.

Vijana, chukueni kalamu. Gari lenye umri wa miaka 12, injini 1,300, thamani ya forodha shilingi 10,000,000. Ushuru wa forodha ni 2,500,000. Jumla inakuwa 12,500,000. Asilimia 5 ya hiyo ni 625,000. Asilimia 30 ni 3,750,000. Jumla sasa ni 16,875,000, na asilimia 18 yake ni 3,037,500. Kodi zote nne ni shilingi 9,912,500, kabla ya tozo nyingine ndogo, usajili, na malipo ya bandari na wakala. Maana yake ni kwamba gari limejinunua mara mbili! Sasa fanyeni hesabu hiyo hiyo kwa injini isiyozidi 1,000. Mtapata 9,175,000. Tofauti ni shilingi 737,500, kwa sababu ya ukubwa wa injini tu.

Viwango huweza kubadilishwa na bajeti ya kila Juni, kwa hiyo yafaa mtazame kikokotoo kilichoko katika tovuti ya Mamlaka ya Mapato kabla ya kuagiza. Jueni pia kwamba Mamlaka hutumia thamani iliyomo katika mfumo wake. Ukipunguziwa bei na muuzaji wa Japani, faida ni yako, lakini kodi haishuki kwa sababu hiyo. Atakayekwambia mgushi hati ya mauzo ili mkwepe kodi anakutafutia kesi.

La tatu ni kulipima gari. Wauzaji wetu hutaja namba: "Hili ni namba D, hili ni namba E." Herufi hiyo yaonyesha gari lilisajiliwa lini hapa nchini. Haionyeshi lilitengenezwa lini. Gari la mwaka 2003 laweza kusajiliwa leo likapata namba mpya kabisa. Soma kadi, tazama mwaka wa kutengenezwa, linganisha namba ya chasisi na ya injini na zile zilizoandikwa.

Kadhalika kilomita. Ukiona gari la miaka 20 linasoma kilomita 60,000, gawanya: ni kilomita 3,000 kwa mwaka. Nani huyo aliyelitunza hivyo? Tazama kanyagio la breki na usukani. Kama vimelika, basi kilomita zimerudishwa nyuma.

Nenda asubuhi, injini ikiwa baridi, maana injini mbovu huficha maradhi yake ikishapashwa moto. Usiende jioni wala wakati wa mvua. Rangi iliyolowa huonekana nzuri yote. Peleka fundi wako, si fundi uliyeonyeshwa na muuzaji. Lipande, liendeshe mahali penye mlima. Na kama ni gari la mkononi, angalia kwa namba yake kama linadaiwa faini za barabarani, na hakikisha kwamba anayeuza ndiye mwenye jina kwenye kadi.

Sasa tumefika kwenye maneno, nayo ni machache. Mwaka 2018 niliingia yadi moja Dar es Salaam kununua IST. Swali la kwanza la muuzaji lilikuwa: "Bosi, bajeti yako shilingi ngapi?" Ndugu zangu, swali hilo msilijibu. Ukisema una milioni 12, pale yadini hapatakuwa tena na gari la milioni 11.

Nikamwambia, "Nimekuja kutazama hili jeupe na lile la fedha. Unauza shilingi ngapi kila moja?"

"Hili milioni 11 na nusu. Maongezi yapo."

"Ni pamoja na usajili na kubadilisha jina?"

"Hapana, hayo ni yako."

Nikaandika katika daftari, mbele yake. Fundi wangu akalitazama kwa muda wa saa nzima. Aliporudi alitaja mambo matatu: tairi mbili zimekwisha, shokapu za mbele zinavuja, betri ni dhaifu. Nikajumlisha gharama zake pale pale. Kisha nikasema, "Ndugu yangu, gari ni zuri. Matengenezo haya ni laki sita na nusu. Yadi ya jirani wana la mwaka huu huu kwa milioni 10 na laki nane. Nitakupa milioni 10."

Alicheka, akasema haiwezekani, akataja bei ya mwisho. Nikanyamaza. Mnajua, kunyamaza ni kazi ngumu kuliko kusema. Akataja bei ya mwisho ya pili. Nikamshukuru, nikampa namba ya simu, nikaondoka kweli. Sikuondoka kwa kuigiza. Nilikuwa na gari la pili nililolipenda katika yadi nyingine, na hiyo ndiyo iliyonipa miguu ya kuondoka. Kesho yake asubuhi alipiga simu. Tulimaliza kwa milioni 10 na laki mbili, na kubadilisha jina juu yake. Gari hilo bado ninalo, na ndilo lililonileta hapa leo.

Naomba mlitambue jambo moja. Sikumtukana, wala sikulikashifu gari lake. Muuzaji naye ana watoto, na lazima apate faida. Biashara haigombi. Nilichokataa ni kulipa faida yake na ujinga wangu kwa pamoja.

Ndugu Mwenyekiti, kwa kuwa tuko mpakani, sina budi kusema juu ya magari ya IT. Mara kwa mara mtu huambiwa kwa siri kwamba kuna gari la kwenda ng'ambo linaweza "kubaki" hapa kwa nusu bei, au kuna lenye namba za Zambia linauzwa Nakonde kwa bei ya kutupa. Gari la IT halijalipiwa kodi hapa. Sheria ya Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 inaruhusu mali ya namna hiyo kukamatwa na kutaifishwa. La Nakonde nalo, likitaka kuwa la kwako upande huu, lazima lilipiwe kodi kama mengine. Kama hukuiweka kodi hiyo katika hesabu, hujafanya hesabu. Mwanafunzi mwenzetu akija na gari lisilo na karatasi, tusimsifu kwamba ni mjanja.

Nimalizie pale nilipoanzia. Yule niliyemfahamu tangu ujana, aliyenipeleka kununua gari lile la kwanza, tulisoma naye katika shule hii. Miaka kadhaa baadaye alinijia nyumbani, akaniambia mwenyewe kwamba alipata shilingi laki nne za cha juu kwa kunipeleka, na kwamba hakujua kuwa gari lilikuwa limegongwa. Akaniomba radhi. Nikamsamehe, maana kosa lilikuwa letu sote wawili: yeye hakusema, nami sikuuliza. Laiti ningeuliza, "Mwenzangu, katika hili unapata nini?", angenijibu. Tungebaki marafiki, na mama yangu asingekaa juu ya jiwe lile.

Kwa hiyo natoa ombi. Umoja wetu ni wa kusaidiana, nao usitumike kama rangi ya kufunika puti. Akikuuzia ndugu, mpime ndugu kama mgeni, naye asikasirike. Ukimpeleka mwenzako kwa muuzaji na una chako ndani, mwambie. Walimu wangu mnaokaribia kustaafu, kabla hamjakigusa kiinua mgongo, mwiteni mmoja wetu mwenye daftari na fundi. Tutakuja.

Nanyi vijana, hesabu ya asilimia mnayofundishwa hapa mnaiona kavu. Siku moja mtu mwenye tabasamu atawasimamisha mbele ya gari jeupe linalong'aa, na hesabu hiyo ndiyo itakayowatetea. Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Mimi nilipoteza miezi 31 ya mshahara kwa kukosa daftari la shilingi mia tano.